Cheti cha Saba

Ijumaa saa nne asubuhi bwana Octav alituita sote kwenye chumba cha mikutano, naye akabaki amesimama, jambo ambalo halifanyi. Alikuwa na karatasi moja tu mkononi.

"Zabuni ya hospitali za mkoa inafungwa Jumanne saa sita mchana," alisema. "Wanataka waandishi wa programu saba wenye cheti. Saba, si sita na nusu. Tuko sita."

Hakuna aliyenitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba kila mtu alikuwa ananifikiria mimi.

Naitwa Profira. Nina miaka arobaini na tisa. Kwa miaka ishirini na miwili nilishona mikono ya sweta katika kiwanda kimoja hapa mjini Iași, mpaka kikafungwa. Ndipo nikaanza masomo ya jioni, nikikaa dawati moja na vijana wa umri wa binti yangu, nikijifunza kuandika programu za kompyuta huku nikimwomba Mungu anifungue kichwa. Alinifungua, polepole. Huu ni mwaka wa tano niko katika kampuni ndogo ya bwana Octav. Tunatengeneza programu ya hospitali: mgonjwa gani apewe dawa gani, na kiasi gani.

Mwezi Septemba nilifanya mtihani wa cheti, nikapata sitini na nne. Wanataka sabini.

Wenzangu walipotoka, bwana Octav alinizuia mlangoni.

"Mama Profira, nimekupatia nafasi Jumatatu saa tatu asubuhi. Ukifaulu, unaingia kwenye orodha. Usipofaulu..." Alikunja ile karatasi mara mbili. "Kuna kijana mmoja kule Bacău ana vyeti viwili. Anaweza kuanza Jumanne hiyo hiyo. Lakini viti vyangu ni saba, siwezi kuweka wanane. Unanielewa?"

"Nakuelewa, bwana Octav."

"Si mimi ninayetaka. Ni karatasi zao."

Nilirudi mezani kwangu. Mikono ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kufua nje. Nilisema moyoni, Bwana, uhurumie, mara tatu, kisha nikafungua kitabu cha mtihani ukurasa wa kwanza, kana kwamba siku mbili zingetosha kuanza upya.

Codrin akavuta kiti chake mpaka kwangu. Codrin ndiye kiongozi wetu wa timu, kijana wa miaka ishirini na tisa, vyeti vyake vitatu vimetundikwa ukutani ndani ya fremu. Amenifundisha mengi, na hakuna anayenitania kama yeye.

"Shangazi, funga kitabu hicho. Septemba ulijiangusha mwenyewe. Ulijibu kama mtu anayefanya kazi."

"Si ndiyo kazi yenyewe wanayoipima?"

"Wanapima kama umesoma wanachotaka usome." Akaniwekea mezani bunda la karatasi zilizobanwa kwa kibanio cheusi. "Maswali mia mbili na themanini. Kila anayetoka kwenye mtihani anaandika anayoyakumbuka na kuyaweka mtandaoni. Majibu yote yapo. Meza, kateme Jumatatu, sahau Jumanne."

"Codrin, huu si wizi?"

"Wizi! Leseni ya udereva uliipataje?"

"Nilikariri maswali."

"Na padri wako, Baba Visarion?"

"Sijui. Labda naye alikariri."

"Alikariri, ndiyo maana anaegesha gari juu ya maua ya kanisa."

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Lakini yale ya udereva serikali yenyewe inayatoa. Haya katoa nani?"

"Haya katoa mtu mwenye huruma." Kisha akaacha mzaha. "Sote sita tulipita hapo, shangazi. Mimi pia. Usijifanye mtakatifu peke yako halafu Jumanne tukuage."

Nikatia bunda lile ndani ya mkoba. Sikusema ndiyo, wala sikulirudisha.

Lipo jambo ambalo lazima nilieleze sasa, maana bila hilo mengine hayatafahamika. Tangu mwezi wa Juni nilikuwa na desturi ya kwenda wodi ya wazazi ya hospitali moja inayotumia programu yetu. Hakuna aliyenituma. Nilikaa pembeni ya kabati la pamba nikitazama jinsi wauguzi wanavyoitumia. Kiwandani nilijifunza kwamba mkono wa sweta unaweza kuwa sawasawa kwa futi pale mezani, halafu ukagoma kupita kwenye kiwiko cha mtu.

Kila raia wa Romania ana namba yake ya utambulisho, tarakimu kumi na tatu, na ndani yake mna tarehe ya kuzaliwa. Programu yetu inasoma umri humo, kisha inapendekeza kiasi cha dawa. Sehemu hiyo ni ya lazima: usipojaza namba, haikuruhusu kuendelea. Lakini mtoto aliyezaliwa leo hana namba. Ataipata baba yake akienda kumwandikisha, baada ya siku tatu au hata wiki mbili. Basi wauguzi wanafanya nini? Wanaandika namba ya mama. Na programu inaamini kwamba aliye kitandani, mwenye uzito wa kilo tatu, ana miaka thelathini na moja.

Nilimwona muuguzi akikata kwa kalamu kile kiasi kilichochapishwa kwenye lebo na kuandika cha mtoto kwa mkono. Alifanya hivyo lebo baada ya lebo, bila hata kukunja uso. Niliogopa sana. Nilifikiria siku atakayokuwa amechoka.

Agosti niliandika kurasa mbili kuhusu hilo, nikampa Codrin. Nilipendekeza programu itoe onyo, lakini ikubali namba ya muda iliyounganishwa na ile bangili ya mkononi mwa mtoto.

"Shangazi," alinijibu, "sehemu ya lazima ni ya lazima. Tukiiacha wazi, tutajaza takataka. Hata kwenye mtihani lipo swali hilo."

Kweli lilikuwepo. Fomu inahitaji namba ya utambulisho, ni njia ipi inahakikisha usahihi wa taarifa? Jibu la B lilisema mtumiaji aonywe, aruhusiwe kuendelea, na pengo lifuatiliwe. Jibu la C lilisema mfumo ukatae kabisa mpaka namba sahihi ijazwe. Septemba nilichagua B. Nikakosa.

Jumamosi nilikwenda kwenye foleni ya Mtakatifu Paraskeva, ya wanaokwenda kugusa masalia yake kanisani. Nisingeweza kuikosa, kila Oktoba nasimama. Mwaka huo foleni ilizunguka bustani na kushuka mpaka kituo cha tramu, nasi tulikuwa tukisogea hatua mbili, tukisimama dakika kumi. Ndani ya kitabu changu cha sala nilikuwa nimekunja kurasa za Codrin. Nilijiambia nitazitazama tu, nijue zikoje. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimemeza maswali sitini.

Nyuma yangu alikuwa bibi mmoja kutoka Vaslui, Saveta, mwenye kiti cha kukunja na bakuli la sarmale, nyama iliyoviringishwa kwa majani ya kabichi, ambazo alimgawia kila aliyekuwa karibu, atake asitake.

"Unasali kwa bidii, dada," akaniambia. "Midomo haipumziki. Ni sala gani hiyo? Soma kwa sauti na sisi tubarikiwe."

"Si sala, bibi."

"Usiwe mchoyo!"

Wanawake watatu waligeuka. Sikujua la kufanya, nikasoma: "Swali la hamsini na nane. Programu imeomba nafasi kwenye kumbukumbu na nafasi haipo. Nini kitatokea kwanza?"

Saveta akafanya ishara ya msalaba. "Mungu wangu, hata kumbukumbu inajaa. Ni ya mwanao hiyo? Anafanya mtihani?"

"Ni yangu. Jumatatu."

"Yako! Kwa umri huo?" Akawageukia wengine. "Mnasikia? Na mjukuu wangu anasema ameshachoka na shule, ana miaka kumi na sita, mbwa yule!" Akatoa kalamu na ile orodha yake ya majina ya kuombewa, ambayo angempa padri pale mlangoni. "Jina lako nani? Profira. Nakuandika hapa, chini ya shemeji yangu mwenye ugonjwa wa ini. Profira, kufaulu mtihani."

"Usiandike kufaulu, bibi."

"Niandike nini, kufeli?"

Walicheka, nami nikacheka nao. Lakini yule mama asiyenijua alikuwa anaomba mbinguni kitu ambacho nilikuwa tayari nimekishika mkononi, kimebanwa kwa kibanio cheusi.

Tulifika mbele baada ya kusimama kwa muda wa saa saba. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka kusema, Mama mtakatifu, nionyeshe kama hili ni kosa. Nikainama, nikagusa kitambaa kilichofunika masalia, na mara kijana mmoja wa ulinzi akasema, "Haraka, mama, haraka, kuna watu nyuma." Nikataja majina ya watoto wangu wawili, kama ninavyofanya kila mwaka, nikajikuta nje, kwenye baridi, sijauliza chochote.

Jumapili nilimeza yaliyobaki.

Jumatatu chumba cha mtihani kilikuwa na joto kupita kiasi. Msichana wa mapokezi alinitaka nitoe kila kitu: simu, saa, leso, na ile kamba yangu ya sala ninayoivaa mkononi.

"Ni mafundo ya uzi tu, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini fundo linaweza kuhesabiwa, likaficha jibu."

Nikaifungua. Mkono ulibaki mtupu, na kamera ikanitazama kutoka juu.

Maswali yalikuwa yale yale. Sikutegemea yawe yale yale kiasi kile. Sikuwa nasoma, nilikuwa natambua, kama mtu anayewaona majirani wakipita. Kumi, ishirini, thelathini. Nilipaswa kufurahi, lakini kadiri nilivyokwenda haraka ndivyo nilivyoogopa, maana kwa mara ya kwanza sikuwa nafikiri hata kidogo, na mashine ilikuwa inanisifu kwa hilo.

Swali la thelathini na saba lilikuwa la namba ya utambulisho.

Niliiona wodi. Nilimwona muuguzi na kalamu yake. Nilijua jibu langu, na nilijua jibu lao. Nikahesabu: yale niliyokuwa na uhakika nayo yalitosha, ningeweza kujibu B na bado nikafaulu. Lakini kama nilikuwa nimekosea kuhesabu? Kama bunda la Codrin lilikuwa na makosa? Nikawaza ule mlango wa ofisi na kijana wa Bacău akiingia na begi lake. Nikabonyeza C.

Nilipata tisini na tatu.

Ofisini walipiga makofi. Kwa desturi yetu mwenye furaha ndiye anayewalisha wenzake, basi nilipita kwa mwokaji nikaja na pai za jibini, zikaisha kabla sijavua koti. Bwana Octav alinibusu mashavu yote mawili. "Unaona? Kilikuwa kichwani muda wote!" alisema, nami nikatazama chini kwenye makombo.

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi Codrin aliniletea fomu ya kurasa tatu.

"Shangazi, saini hapa na hapa. Zabuni inataka kila sehemu ya programu ikaguliwe na mtu mwenye cheti ambaye hakuiandika. Sehemu ya watoto wachanga sisi sita sote tumeigusa. Umebaki wewe."

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilisoma wa pili. Ilikuwa ile ile ya Agosti, haijabadilika hata mstari.

"Siwezi kusaini hii, Codrin."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Alipumua kwa nguvu. "Jana kwenye mtihani swali hilo lilikuja?"

"Lilikuja."

"Ulijibu nini?"

Niligeuza fomu hadi ukurasa wa tatu.

"Shangazi, ulijibu nini?"

"C."

"Basi!" Akafungua mikono. "Jana mfumo ukatae, leo mfumo usikatae? Ni siku moja tu imepita."

Maneno yale yaliniingia, kwa sababu yalikuwa ya haki. Sikuwa na pa kujificha. "Nilijibu C kwa sababu niliogopa," nikamwambia. "Nilikuwa najua si kweli, nikaibonyeza. Hiyo ni dhambi yangu, nitaibeba mwenyewe. Lakini siwezi kuibandika kwa watoto wa watu."

Bwana Octav alisikia sauti zikipanda, akaja na kikombe chake mkononi. Codrin akamweleza. Sura yake ilibadilika taratibu.

"Mama Profira. Jana nimekuingiza kwenye orodha."

"Najua."

"Bila saini hii hakuna zabuni. Bila zabuni, kufikia Krismasi si wewe tu, ni sisi sote tuko nje. Umelifikiria hilo?"

"Nalifikiria tangu nimeishika kalamu. Bwana Octav, nakuomba jambo moja. Tumpigie muuguzi mkuu."

"Saa hii?"

"Dakika mbili."

Nilipiga, nikaweka sauti ya wazi. Muuguzi mkuu, Ileana, ni mwanamke ambaye huwa anazungumza kana kwamba mtu anamvuta nguo.

"Sema, Profira, nina mapacha hapa."

"Dada Ileana, mtoto akizaliwa hana namba. Mnajaza nini kwenye ile sehemu?"

"Ya mama yake, tujaze nini tena? Mashine yenu haipiti! Nimwache mtoto kizingitini mpaka baba yake aamke na ulevi wa furaha aende kumwandikisha?"

Codrin aliinama karibu na simu. "Mnafanya hivyo kwa watoto wangapi, dada?"

"Huyu nani? Wangapi? Wote, mwanangu. Wote."

"Na kile kiasi cha dawa kinachotoka?"

"Tunakikata kwa kalamu. Jumapili msichana mgeni alisahau kukata, nikamkamata mlangoni na sindano mkononi. Nimemaliza au bado?"

"Umemaliza, dada. Mungu akubariki."

Simu ikakatika. Bwana Octav alikuwa bado ameshika kikombe hewani. Codrin alikuwa mweupe kama karatasi za mtihani wake. Alikaa, akaifungua ile sehemu ya programu.

"Njoo hapa, shangazi," alisema, bila mzaha wowote. "Achana na vitabu. Niambie wanavyofanya pale, hatua moja moja. Mtoto akitoka, wa kwanza kumshika ni nani?"

Nilimwambia. Bangili inafungwa kabla ya kitovu kukauka, ina namba ya mama na saa ya kuzaliwa. Kama ni mapacha, herufi inaongezwa. Mimi nilieleza, yeye akaandika, mpaka saa tano na dakika ishirini, kisha akanisukumia kiti ili nikague. Nilikuwa nasoma mstari kwa mstari, na kila nilipoinua macho bwana Octav alikuwa amesogea karibu zaidi.

"Saini, mama Profira. Umeiona ikiandikwa kwa macho yako!"

"Bado mistari arobaini."

"Ni saa tano na dakika arobaini na moja!"

"Kwenye mapacha mna kosa," nikasema, na palikuwa na kosa kweli: pacha wa pili alirithi uzito wa wa kwanza. Codrin alilisahihisha. Nilisoma mpaka mwisho. Nilisaini saa tano na dakika hamsini na tatu. Fomu iliuliza namba ya cheti, ilinibidi nikitoe ndani ya mkoba niinakili, maana sikuijua. Bahasha ya mtandaoni ilikubaliwa dakika mbili kabla ya saa sita, na bwana Octav akaenda dirishani akakaa huko muda mrefu.

Zabuni tuliipata. Wenzangu wanasema mambo yameisha vizuri. Lakini mimi usingizi ulikuwa haukai, na siku ya maungamo nilimweleza Baba Visarion yote, bunda, foleni, C, na ile tisini na tatu.

"Mimi kompyuta siijui," alisema baada ya kufikiri. "Hayo mliyoandika, watoto sasa wako salama?"

"Wako salama, Baba."

"Na huo mtihani, unaweza kuufanya tena bila karatasi?"

"Naweza kujiandikisha."

"Basi mbona unaniuliza mimi?"

Nimejiandikisha. Ni Alhamisi ya wiki ijayo. Sheria yao inasema matokeo ya mwisho ndiyo yanayohesabika, kwa hiyo nikipata chini ya sabini cheti kinafutwa, na jina langu linatoka kwenye orodha. Bwana Octav nilipomweleza akaniuliza kama nina homa. Nilimwambia sina. Aliuliza kama nimemweleza mtu mwingine. Nikasema Mungu, Baba Visarion na yeye.

"Na kijana wa Bacău nimweleze nini?"

"Mwambie asubiri mpaka Alhamisi."

Codrin alikuja jana na kiti chake. Nilidhani amekuja kunitania. Aliniangalia nikisoma kitabu, ukurasa wa mia na kumi, kalamu ya risasi mkononi.

"Ukifeli?" aliuliza.

"Nitakuwa nimefeli."

"Shangazi, unajua kazi hii kuliko nusu ya watu hapa. Huo mtihani hautalijua hilo."

"Labda. Lakini Jumatatu ile nami sikulijua."

Aliutazama ukurasa wangu, akaweka kidole kwenye mfano wa pili. "Hapa umeelewa vibaya," alisema, na akaanza kunieleza. Nilimsikiliza kwa makini, na bado naogopa.